Mwanya wa ukoo: kisa cha binti aliyekosa meno matatu

Mama alijibu salamu, akamkalisha binti yake kwenye kiti, na kabla sijauliza lolote akasema: "Ling'oe tu, daktari. Si la utotoni hilo?"

Binti alikuwa na miaka 11. Gego la chini kushoto lilimuuma kila akila kashata au akinywa maji baridi, na juu yake palikuwa na tundu la kuingia punje ya mchele. Lilikuwa gego la pili la utotoni. Kwa umri ule gego hilo huwa limekaribia kutoka lenyewe, kwa hiyo mama hakuwa amesema jambo la ajabu. Ganzi nilishaivuta kwenye sindano na koleo lilikuwa kwenye trei. Nililishika jino kwa vidole viwili nikalitikisa. Halikwenda popote. Upande wa kulia, gego la aina ileile lilikuwa limeshatoka na la ukubwani limechomoza nusu. Hapo nikaweka sindano chini nikapiga picha ndogo ya eksirei.

Picha ilionyesha gego la utotoni lenye mizizi mirefu, mizima, kama la mtoto wa miaka saba. Chini ya mizizi ile, pale ambapo hukaa jino la ukubwani likisubiri zamu yake, palikuwa na mfupa mtupu.

Nikamwambia afungue mdomo tena, na safari hii nikahesabu.

Taya la juu lilikuwa na meno mawili makubwa ya katikati na mwanya baina yao, milimita 4 kwa rula. Kulia kwake kulikuwa na kijino cha utotoni, cha pili kutoka katikati, ambacho kwa kawaida kinapaswa kuwa kimeondoka mtoto akiwa na miaka minane au tisa. Kushoto kijino hicho hakikuwapo, na mahali pake palikuwa panashuka jino la chonge la ukubwani, limekosea nyumba. Nilipopapasa ufizi wa kulia kwa kidole nikaikuta chonge ya pili imevimba juu ya kijino cha utotoni, nayo imeelekea hukohuko. Nikapiga picha mbili nyingine. Meno mawili ya ukubwani ya pembeni mwa yale ya katikati hayakuwapo kabisa: hayakuzama, hayakulala upande, hayakuchelewa. Jumla, ukiacha magego ya mwisho ambayo hatuyahesabu katika jambo hili, binti alikosa meno matatu ambayo mbegu zake hazikujengeka kabisa.

Kisa hiki nakiandikia matabibu wenzangu wa vituo vidogo, na wazazi watakaojaliwa kukisoma. Jina la binti na la kijiji nimeyaacha; kituo chenyewe kiko kaskazini mwa Pemba, na hilo linatosha. Ila kosa la kwanza nalitaja, kwa sababu ni langu. Miaka miwili kabla ya siku ile nilikwenda skulini kwao kukagua meno ya wanafunzi, na jina lake limo katika daftari langu. Mbele yake nimeandika kwa mkono wangu: "Mwanya, kawaida."

Nina udhuru, na udhuru wenyewe una mafunzo kidogo. Mtoto wa miaka minane au tisa mwenye mwanya katikati ya meno ya juu mara nyingi hana shida yoyote. Chonge zinapokuwa bado juu mfupani huisukuma mizizi ya meno ya mbele, ncha za meno yenyewe zikatawanyika kama ndizi za mkungu, na zikishashuka, kwenye miaka 11 au 12, mwanya ule hujibana wenyewe. Kwa hiyo mtu mzoefu hajishughulishi nao. Lakini yule mzoefu anatakiwa kwanza aone kwamba meno manne ya mbele yamekamilika. Mimi niliona vijino viwili vya utotoni vimekaa kulia na kushoto sawasawa, na usawa ule ukanidanganya. Lingekuwa limekosekana moja tu, upande mmoja ungeonekana umechelewa na ningeshtuka. Yakikosekana mawili kwa pamoja, mdomo unaonekana una mpangilio.

Kuna na jambo jingine, na hili si la daktari peke yake. Kwetu mwanya ni uzuri. Msichana mwenye mwanya husifiwa akicheka. Bibi yake binti huyu, aliyekuja naye mara ya pili, alifunua mdomo kunionyesha wake, akaniambia: "Huu ni wa kwetu, daktari. Mama yangu alikuwa nao, mimi ninao, na huyu mama yake anao." Mtu gani atamleta mtoto hospitali kwa sababu ya sifa?

Nikamwomba mama naye afungue mdomo. Mwanya ulikuwapo, mzuri kweli. Lakini pembeni mwa meno yake ya katikati palikuwa na vijino viwili vyembamba, vimechongoka mithili ya punje ya mtama. Hivyo ni ndugu wa kutokuwapo. Katika ukoo mmoja mtu anaweza kuota kijino kidogo kilichochongoka, nduguye akaota kamili, na mtoto wake asiote kabisa; asili ni moja. Mama akakumbuka na kaka yake wa Konde, ambaye "jino lake la utotoni lilikataa kutoka mpaka leo ana wajukuu". Sikumwona mjomba huyo, lakini naamini habari yake.

Mama alikuwa ameshaanza kujilaumu. Aliuliza kama ni ile homa kali ya utotoni, au kwa kuwa jino la kwanza lililotoka lilipotea mchangani badala ya kurushwa juu ya bati. Nilimweleza kwamba mbegu za meno haya hujengeka mapema mno, nyingine mtoto akiwa bado hajatimiza mwaka, na kwamba sababu kubwa imo katika jeni anazorithi mtu. Wataalamu wameshazitambua kadhaa, zikiwamo MSX1, PAX9, AXIN2 na WNT10A. Kiasi cha watu 6 katika kila 100 duniani hukosa jino moja au zaidi la ukubwani, bila kuhesabu magego ya mwisho, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Na meno yanayokosekana zaidi ni haya hasa: gego dogo la pili la chini, na jino la pembeni la mbele la juu. Binti alikosa yanayokosekana kwa wengi.

Nilimuuliza pia kama mtoto anatoka jasho akicheza juani, kama nywele zake zinaota vizuri, kama kucha zake ni nzima. Mama alishangaa jasho lina mnasaba gani na jino. Ngozi, nywele, tezi za jasho na meno huanza katika tabaka moja la mwili wa mtoto tumboni. Mtoto anayekosa meno mengi, hasa sita na kuendelea, huenda ana hitilafu inayogusa vyote hivyo, na asiyetoka jasho anaweza kuzidiwa na joto. Huyu alikuwa mzima. Anatoka jasho, mama yake akasema, kama mchukuzi wa bandarini.

Jino nililotaka kuling'oa nikaliziba. Hilo ndilo jambo la maana nililolifanya siku ile, na lilichukua dakika 20. Gego la utotoni lisilo na mrithi, likiwa na mizizi mizima na halijazama chini ya wenzake, linaweza kutafuna miaka mingi. Likifika na mtu kwenye miaka 20, mara nyingi huendelea naye mbali. Ningeling'oa, pangebaki pengo ambalo gego la nyuma lingeliangukia kwa kulala, na mtaalamu angeanza kazi akiwa na tatizo jipya la kutengenezewa na mimi.

Mtaalamu wa kupanga meno yuko Unguja. Walikwenda mwezi uliofuata: daladala hadi bandari ya Mkoani, boti ya asubuhi, na kulala kwa shangazi Jang'ombe. Wakapigwa picha ya taya zima, ile inayoonyesha meno yote kwa pamoja, ikathibitisha matatu. Kisha yule mtaalamu akanipigia simu, nami namshukuru kwa hilo, kwa sababu wengi humwona tabibu wa kituo kidogo ni wa kung'oa na kuandika rufaa tu. Tulizungumza karibu saa nzima, na mazungumzo yale ndiyo kiini cha kisa.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kufungua nafasi: chonge zirudishwe mahali pake pa asili, mwanya wa katikati ufungwe, na pembeni paachwe nafasi mbili za kuwekwa meno ya bandia. Ya pili ni kuziba nafasi: chonge ziachwe hapohapo zilipokosea njia, zichongwe na kujengwa zifanane na meno yaliyokosekana, na magego yote ya juu yavutwe mbele hatua moja.

Mama aliposikia kuna jino linalopandikizwa kwenye mfupa kwa skrubu alitaka hilo, na baba alishauliza bei. Lakini jino la skrubu halipandwi kwa mtoto anayekua. Jino la asili huteremka na kusogea pamoja na taya linavyorefuka. Skrubu imeshikana na mfupa moja kwa moja, haitembei. Ukimwekea msichana wa miaka 13, akifika 18 wenzake wameteremka na lile limebaki juu, linaonekana fupi na ufizi wake umepanda. Kwa hiyo angetakiwa kusubiri mpaka akue kabisa, na wengi husogeza hadi baada ya miaka 20. Muda wote huo nafasi zilindwe kwa kibao chenye meno ya bandia au kwa jino la kugundishwa, na mfupa wa pale pasipo na jino huku unapungua unene mwaka hadi mwaka.

Jino la kugundishwa si baya, nisieleweke vibaya. Linashikizwa kwa ubawa mmoja nyuma ya jino jirani, halihitaji kulichonga jirani huyo sana, na la ubawa mmoja hudumu vizuri kuliko la mbawa mbili, kwa sababu meno mawili hayatikisiki kwa pamoja, na katika la mbawa mbili ubawa mmoja hufunguka kimyakimya. Kuna watoto ambao ningewatakia njia hii bila kusita: mwenye taya la chini lililotangulia, mwenye meno madogo yenye nafasi kila mahali, mwenye chonge nene za manjano zisizoweza kujifanya kitu kingine.

Binti huyu alikuwa na sura nyingine. Meno yake ya juu yalitangulia kidogo mbele ya yale ya chini, na magego ya juu yalishasogea mbele nusu hatua. Chonge zake zilikuwa nyembamba, na rangi yake haikupishana sana na ya meno ya katikati. Zaidi ya hapo, zilishakwenda zenyewe zilikotakiwa kwenda. Kuzirudisha nyuma kungekuwa kumwamuru mtu aliyekwisha kufika arudi, kisha tukae tukilinda kiti chake kitupu kwa miaka saba.

Na mimi nilikuwa na hoja yangu, ambayo haimo katika vipimo. Jino la bandia lina matengenezo. Litafunguka siku ya harusi, litafunguka ana mimba ya miezi minane, litafunguka kusi likivuma na boti zimesimama. Kwa mtu anayeishi mjini hilo ni usumbufu wa mchana mmoja. Kwa anayeishi kaskazini mwa Pemba ni nauli mbili, siku tatu, na kumwomba mtu akuangalizie watoto. Nafasi ikizibwa kwa meno yake mwenyewe, safari nyingi zinakuwa sasa, baba akiwa na nguvu ya kulipa, na baadaye zinakuwa chache. Mtaalamu alikubali, akaongeza kwamba kama chonge zingekuwa mbaya asingenisikiliza. Sawa kabisa.

Likabaki suala la mwanya, na hapo bibi alikuja juu. Kusikia kwamba chuma kitaziba mwanya wa ukoo alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika yote. Mama akawa katikati. Nilimwomba binti tuzungumze wawili, mama akiwa mlangoni. Nikamuuliza yeye anataka nini. Aliangalia vidole vyake, halafu akasema: "Nataka ubaki, lakini usipitishe ulimi." Mtaalamu alipoambiwa alicheka, akaandika katika mpango: mwanya wa milimita 1 hadi 1.5 ubakizwe.

Ulimi ule ulikuwa na sababu. Chuoni, anakosoma Kurani, mwalimu alikuwa akimrudisha kila mara kwenye herufi ya sini. Katika tajwidi, elimu ya kuisoma Kurani kwa matamshi yake, swadi, sini na zai ni herufi za swafiri, zina mluzi wake maalumu, na mluzi huo hutoka kwa hewa inayobanwa baina ya ulimi na meno ya mbele. Penye mwanya wa milimita 4 na pengo ubavuni, hewa ilipenya hapo badala ya kubanwa sawasawa, na mluzi ukaharibika. Mwalimu alidhani ni uvivu.

Waya zilifungwa akiwa na miaka 12 na nusu, chonge zote mbili zikiwa zimeshashuka. Kijino cha utotoni cha kulia kilitoka chenyewe, mzizi wake umeliwa na chonge; chonge mbili za utotoni ziling'olewa na mimi, kwa maandishi ya mtaalamu, na safari hiyo picha iko mezani. Mpango ulikuwa miezi 20. Ilichukua 26.

Miezi sita iliyozidi ina majina. Safari mbili zilikosekana kwa kusi, moja kwa msiba, moja kwa kuwa malipo yalisubiri karafuu zikauke na zipelekwe kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Vifungo vya waya vilibanduka mara tano, na mara tatu mwenye kosa ni ubuyu: mtoto haumumunyi, anatafuta kokwa. Miwa, mama mwenyewe alishamkataza. Raba nyeupe za kushikia waya ziligeuka manjano wiki ya kwanza kwa bizari ya mchuzi. Baadaye akachagua za kijani, yakaisha. Magego yalipokuwa yakivutwa mbele alitakiwa avae raba ndogo kutoka taya la juu hadi la chini, abadilishe kila siku, na kuna mwezi mmoja ambao hakuvaa. Hakuna aliyeambiwa, meno yenyewe yalisema, kwa kutosogea.

Baina ya safari za Unguja kazi ilikuwa kwangu. Kila wiki tatu alipita kituoni nikaangalia fizi, nikakata ncha ya waya inayochoma shavu, nikatuma picha kwa wasapu. Picha bora kuliko zote alipiga kaka yake mkubwa nyumbani, mama akiuvuta mdomo pembeni kwa mpini wa kijiko. Nimewafundisha wazazi wengine njia hiyo tangu hapo.

Kumalizia kulikuwa ni kazi ya mkono. Chonge ilipunguzwa ncha na tumbo kidogo kidogo, kwa vikao vitatu ili jino lisianze kuuma kwa baridi, kisha pembe zake zikajengwa kwa dawa nyeupe ya kuzibia. Wakati wa waya ilikuwa imeshushwa kidogo makusudi, ili ufizi wake ushuke kama wa jino la pembeni, na gego dogo lililokaa mahali pa chonge likapandishwa ili ufizi wake uwe juu, kisha likarefushwa kwa dawa ileile. Ukimtazama akicheka huoni mchezo huu. Ukimtazama sana, chonge ya kushoto ina weupe wa maziwa yaliyochemka, na nyenzake ya katikati weupe wa maziwa mabichi. Yeye anajua, na amesema haimshughulishi.

Gego la utotoni la chini lilibaki. Kwa kuwa ni pana kuliko lile ambalo lingemrithi, lilisuguliwa pembeni kulia na kushoto, wenzake wakasogea. Nyuma ya meno ya mbele ya juu umegundishwa waya mwembamba, na usiku anavaa kibao cha plastiki angavu. Mwanya ni mgumu wa kutulia. Ukiuachia unajifungua upya, na huu wa milimita 1 tungeupata tena wa 3. Waya ule hautolewi. Nimemfundisha kupitisha uzi chini yake, na kibao anavaa usiku tu, kwa hiyo chuoni anasoma mdomo ukiwa wake.

Sini yake sasa haimrudishi nyuma. Bibi aliukagua mwanya kwa kuuweka mbele ya dirisha, akanyamaza kidogo, akasema umekuwa wa kitoto lakini ndio wenyewe.

Ana miaka 15 na miezi kadhaa. Kila Muharram anakuja nimpime gego lile: limezama nusu milimita chini ya jirani zake, mizizi yake haijapungua. Likifika milimita 1 nitalijengea juu. Likizidi 2 atavuka tena kwenda Unguja, na hilo mama nimemwambia tangu siku ya kwanza.

Mwezi uliopita alimleta mdogo wake, mwanamume, miaka saba na nusu. Haumwi kitu. "Huyu naye mhesabie," akasema. Nilihesabu, nikapiga picha moja ndogo ya mbele: mbegu za meno yote manne ya juu zipo, moja nyembamba kuliko nyenzake. Za magego madogo ya chini sikuziangalia, kwa kuwa nyingine huchelewa kuonekana hata kufikia miaka minane au tisa, na ningeweza kumwambia mama kitu hakipo nacho kiko njiani. Nimeandika katika daftari arudi akitimiza tisa. Mbele ya jina lake, pale ambapo ningeandika neno moja, nimeandika idadi.